Chupa ya Mayi Safi

Kisangani, Kabondo, 14 janvier 2024

Mwanangu Nadia,

Salaam zangu zikukute kule Kampala umekaa na umekula. Sisi hapa tunapumua, tunamushukuru Mungu. Courant ya taa ilikatika siku nane, sasa imerudi, lakini inaingia na kutoka sawa mutu asiyejua nyumba yake. Jirani yangu Félicité amerudi kutoka kwao Yanonge na samaki ya kukauka, amenipa tatu. Moja nilikuwekea wewe, mpaka mende wakaanza kuiangalia, ndiyo niliikula. Goti yangu inauma kidogo. Usiwe na wasiwasi.

Bon. Niko naandika mwenyewe, usicheke maandishi. Nilifika quatrième primaire tu, darasa ya ine, na mukono imesahau. Lakini kwa simu siwezi. Simu ya nyumba hii ni ya Tonton Idrissa, anakaa pembeni anasikiliza, halafu mimi nasema tuko bien, tuko bien, na wewe unakata. Hii haiko ya kusema mbele yake. Barua naipa Mahmoudi, ule wa camion, anakuja huko kuchukua mizigo.

Watoto ya ngombe wanakufa. Ule wa Kitoko wa mwaka jana nilikuambia alianguka. Hakuanguka. Ilikuwa tumbo. Sasa mwezi ya kumi na mbili ngombe mweusi amezaa. Siku ya sita mutoto akaanza kuhara, mayi nyeupe sawa ya kuosha mchele, masikio baridi, macho ikaingia ndani. Siku ya tisa akakufa. Kisha wa ngombe ya pembe moja, vilevile, siku ya nane. Nilimunywesha mayi ya chumvi na sukari sawa unavyomupa mutoto ya mutu. Nilimufunika na kikwembe changu. Veterinaire alileta vidonge vya manjano, ile iliyokuwa inaponyesha zamani. Sasa ni kama umemupa bonbon.

Donc watatu. Imebaki tumbo ya Kitoko, atazaa mwisho ya mwezi ya tano. Unajua Kitoko ni nani katika nyumba hii. Baba yako alimutoa Ituri angali mudogo, pale daraja ilivunjika alimubeba mabegani. Tonton Idrissa ndiye mukubwa ya nyumba sasa, na amesema mbele ya watu: "Hatulishi ngombe wa kuangalia. Mutoto wake huyu naye akikufa, Idi ya kuchinja ikifika Kitoko anakwenda." Idi iko katikati ya mwezi ya sita. Hesabu mwenyewe siku zinazobaki.

Wewe unafanya kazi na watu ya mikrobe. Niambie kitu.

Na unakuja lini?

Mama yako Khadija

*

Kampala, 9 Februari 2024

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Tonton na Mama Félicité. Barua imenifikia baada ya wiki tatu na zaidi, Mahmoudi anasema walingojea convoi ya askari siku sita pale Komanda. Mimi niko mzima. Nimehama chumba, hiki kina dirisha. Goti hilo lipakae mafuta ya moto, usilifiche kama ulivyomficha ndama. Mwaka mzima unaniambia alianguka.

Maandishi yako nimeyasoma mara nne. Mikrobe inayoua ndama wako imezoea vidonge vya manjano, ndiyo maana havifanyi kitu. Sasa sikiliza. Hapa kwenye laboratoire yetu kuna vitu vidogo sana, vidogo kuliko mikrobe yenyewe, vinaitwa bakteriofaji. Sisi tunafupisha, tunasema faji. Kazi yao ni kula mikrobe. Faji anaingia ndani yake, anazaa humo mpaka mikrobe inapasuka. Na kila faji ana mikrobe yake, hagusi nyingine. Ndama akinyweshwa faji katika maziwa tangu siku za kwanza, tumbo lake linapata askari. Lakini lazima wawe faji wanaojua mikrobe ya zizi lako, si ya zizi la mtu mwingine.

Hao faji wanakaa palepale mikrobe ilipo. Kwa hiyo nahitaji vitu viwili. Maji ya mfereji ulio nyuma ya zizi, yale yanayopita mavi na mikojo, machafu kabisa. Na mavi kutoka mahali ndama wa mwisho alipolala. Weka kwenye chupa, funga, mpe Mahmoudi. Usiongeze kitu.

Niambie pia: ndama wanapozaliwa wanapata yale maziwa ya kwanza, mazito, ya njano? Bila hayo hata faji hawatasaidia.

Docteur, mkuu wa laboratoire yetu, amekubali kuyapima kwa sababu nimemwomba. Nimemwambia ni maji ya kwetu.

Mwanao Nadia

*

Kisangani, 3 mars 2024

Nadia wangu,

Amani iwe na wewe katika chumba yako ya dirisha. Dirisha iko na grille ya chuma? Hukusema. Mafuta nimepaka, goti inasikia vizuri. Félicité anacheka na mimi, anasema tangu lini mama wa Kabondo anapokea ordonnance ya dawa kwa posta. Mvua imeanza, njia ya Mahmoudi itakuwa matope tupu.

Ndiyo, maziwa ya kwanza wanakunywa yote. Baba yako alikuwa hakubali mutu aiguse.

Kitoko anakula vizuri. Tumbo imeshuka upande ya kulia. Kila asubuhi naweka mukono pale na mutoto ananisukuma, halafu naondoa mukono mbio, sitaki kumuzoea.

Mayi nimekutumia. Iko katika chupa ya asali ya kioo, nimeiosha mara tatu. Na mavi nimefunga katika karatasi, niliianika kwanza, haitanuka kwa mutu. Félicité anasema watu wako wanaangalia na machine inayoonyesha kila kitu. Bon, waangalie. Hautapata haya mbele yao, mwanangu, mimi niko.

Tonton Idrissa ameuliza mara mbili kama Kitoko amenenepa. Mutu haulizi hivyo juu ya kupenda ngombe.

Hukunijibu unakuja lini.

Mama yako

*

Kampala, 28 Machi 2024

Mama mpenzi,

Salamu nyingi. Dirisha lina grille, usiogope. Ramadhani yetu inakwenda vizuri, nafuturu na wasichana wawili wa Arua, wanapika wali kama uji.

Maji yako tumeyapima. Hayana kitu, Mama. Hakuna faji, hakuna hata mikrobe moja. Docteur ameyainua mbele ya taa, akasema, "Nadia, ng'ombe wa mama yako wanakojoa maji ya kunywa." Wote walicheka. Mimi sikuweza kucheka. Mavi nayo yamekauka kama tumbaku, jua limeua kila kilichokuwa ndani.

Maji haya ulichota wapi?

Sikuulizi kwa hasira. Kitoko atazaa baada ya miezi miwili, na kuwatafuta faji na kuwazalisha ni siku kumi ikiwa bahati ni nzuri. Njia unaijua. Nijibu kwa Mahmoudi huyuhuyu, asiondoke bila chupa.

Nadia

*

Kisangani, 15 avril 2024

Nadia,

Idi mubarak iliyopita, Mungu apokee funga yako. Sisi tulikula kuku. Sitaandika habari mingi ya nyumba leo, juu nikianza habari ya nyumba nitajificha ndani.

Mayi nilichota ku source, pale Félicité anachotea ya kunywa. Nilichuja na kitambaa. Nikachemsha. Chupa niliosha na javel, ile dawa ya kufanya nguo nyeupe.

Usipasue barua, soma kwanza.

Nilikwenda ku mufereji kama ulivyosema. Nilichota. Ilikuwa nyeusi, na funza ndani, na harufu uliyoijua. Nikaandika jina yako juu ya chupa, Nadia Amuri, na nikaangalia jina yako juu ya ile kitu. Mukono ikakataa. Nikafuta jina, nikamwaga.

Unakumbuka masomo ya primaire, sijue kama unakumbuka. Mwalimu alikurudisha nyumbani, watoto walisema unanuka zizi, hawataki kukaa banc moja na wewe. Ulikuwa na miaka saba. Kutoka siku ile nilikuosha kila asubuhi na sabuni na ndimu, nyuma ya masikio, katikati ya vidole, mpaka ulikuwa unalia kwamba ngozi inawaka. Miaka sita. Ili mutu asiseme tena. Na leo umefika mbali, umevaa blouse nyeupe ya laboratoire katikati ya watu waliosoma, na unaniomba nikutumie mufereji. Nilifikiri labda hujui unachoomba, mama ndiye anajua. Nilifikiri mayi ni mayi, ile dawa itakuwa ndani hata nikiosha. Kumbe nimeosha dawa yenyewe.

Wiki sita nimezipoteza mimi. Siyo mvua, siyo convoi. Mimi.

Sasa chupa tatu, kutoka mufereji, sikugusa kitu. Félicité ndiye ameshika entonnoir ya kumiminia huku amegeuza uso, anasema hata bwana yake hajamufanyia hivi. Na mavi ni ya mulango ya zizi, bichi, ndani ya plastique mbili. Mahmoudi amekataa kuiweka mbele pamoja naye, ameifunga nyuma na magunia ya makaa, anasema akipita barrière askari watamuuliza amebeba maiti.

Jina yako sikuandika. Nisamehe hiyo moja.

Mama yako

*

Kampala, 13 Mei 2024

Mama yangu,

Salamu kwako na kwa Mama Félicité aliyegeuza uso. Nakumbuka. Nakumbuka ndimu. Sikujua kwamba ulihesabu miaka.

Faji wamepatikana. Katika chupa ya pili walikuwa tele. Docteur aliweka tone moja juu ya sahani ya mikrobe iliyotoka katika mavi yako, na kesho yake palikuwa na matundu safi, kama nguo iliyoliwa na nondo. Amenionyesha mbele ya wote. Hakuna aliyecheka.

Sasa angalia sana, maana dawa hii ina uhai na wewe una mkono wa kuosha. Ninakutumia vichupa sita. Usichemshe. Usitie javel karibu. Usitie ndimu, Mama, ndimu inaua faji, hata tone. Usiache juani. Fukia vichupa katika mchanga mbichi ndani ya chungu, kivulini. Asubuhi na jioni ndama anywe kwanza maziwa nusu, kisha kifuniko kimoja cha dawa katika maziwa ya uvuguvugu wa mkono, kisha maziwa yanayobaki. Tumbo tupu ni kali, litawaua kabla hawajafika. Anza siku ya kwanza, usingoje kuhara. Akihara, maji ya chumvi na sukari usiyaache hata siku moja, hayo ndiyo yanayomshika ndama asikauke.

Sikufichi: Docteur anasema kwenye sahani si kwenye tumbo. Mahali pengine ndama wamepona, mahali pengine dawa kama hii haikubadilisha kitu. Hawezi kuahidi, na mimi siwezi.

Nadia

*

Kisangani, 31 mai 2024

Nadia,

Kitoko amezaa tarehe ishirini na tatu. Mutoto muke, rangi ya mama yake, na doa nyeupe ku paji. Alisimama kabla sijamaliza kusema bismillahi. Maziwa ya kwanza amekunywa mpaka povu ilimutoka puani.

Mahmoudi hajafika. Wanasema camions ishirini zimelala njiani, daraja moja imezama.

Jana, siku ya saba, ameanza. Nyeupe. Sawa ya kuosha mchele.

Ninamunywesha chumvi na sukari kila saa, na kijiko, juu chupa anakataa. Tonton Idrissa alikuja leo asubuhi. Aliacha kamba juu ya mulango ya zizi, akaenda. Kamba mupya.

2 juin. Masikio yameanza kuwa baridi. Félicité alileta ndimu akisema kwao Yanonge ndiyo inafunga tumbo. Dawa yako haijafika hata, lakini mimi nimeosha na ndimu ya kutosha, nilimurudisha na zake, nikamwambia tumbo hii inangoja wageni. Amefikiri nimechanganyikiwa.

3 juin. Mahmoudi amefika saa nne ya asubuhi, matope mpaka kofia. Vichupa viwili vimepasuka, vinne vizima. Nilisoma karatasi yako mara tatu kwa sauti, Félicité akashika kidole juu ya kila mustari ili nisiruke. Maziwa nusu. Kifuniko. Maziwa inayobaki. Mukono yangu ilikwenda kwenye sufuria ya mayi ya moto, peke yake, nikairudisha.

Amekunywa kidogo. Iliyobaki imemwagika ku kifua yangu.

Mahmoudi anarudi leo leo, hawezi kungoja. Barua inaondoka hivi.

*

Kampala, 15 Juni 2024

Mama,

Kesho ni Idi na sijui kitu. Mahmoudi bado. Nimempigia Tonton Idrissa mara mbili. Kila mara anasema, "Tuko bien, Nadia, tuko bien," nami nasikia ng'ombe analia nyuma yake na siwezi kujua ni nani. Nikamuuliza, Kitoko? Akasema mtandao unakata.

Kila barua unaniuliza nakuja lini na kila barua naruka. Basi naandika. Baba alipofariki nilifika Beni, convoi ikakataa, nikakaa pale siku kumi na moja nikisikia kwa simu mnavyomzika. Kisha nikarudi Kampala. Nilikuambia kazi ilinizuia. Haikuwa kazi. Niliona nikifika na kaburi limekwisha kukauka, nitakuwa mgeni aliyechelewa. Kitoko akiwa pale, naona kama Baba hajaondoka kabisa, na mimi bado nina muda. Ndiyo maana nilimsumbua Docteur. Sikufanya kwa ajili ya sayansi.

Sijui hata kama nitatuma hii.

Nadia

*

Kisangani, 12 juillet 2024

Nadia mwanangu,

Ulituma, na vizuri ulituma. Mahmoudi mwenyewe hakujua anabeba nini, aliikunja katika mufuko ya shati na jasho, lakini nimesoma yote.

Tuko. Courant iko. Goti iko vilevile.

Siku mbili za kwanza hakuna kilichobadilika, sitakudanganya. Nilikuwa nimeisha kutafuta kikwembe ya kumufunika. Siku ya tatu ya dawa masikio yakapata moto kidogo. Siku ya tano alinyonya mwenyewe kwa mama yake, nikasikia ile sauti ya kunyonya nikakaa chini katika mavi na nguo yangu nzuri. Siku ya nane dawa ikaisha. Nikaogopa tena. Sijue kama ni watu wako wadogo walimuokoa, ao chumvi na sukari, ao ni Mungu tu alituangalia. Félicité anasema ni ndimu, juu moja aliiacha ku mulango. Mwambie Docteur ukweli huo, asiandike kile sijaona.

Siku ya Idi Tonton Idrissa alirudi kutoka swala, kanzu nyeupe, perfume, watu watatu nyuma yake kushika ngombe. Akachukua kamba yake. Mimi nilisimama mbele ya zizi, nikamwambia, "Mutoto yuko hai, shemeji, ulisema akikufa." Akasema ataona mwenyewe. Aliingia, akainama kumuangalia chini ya mukia, sawa mutu anayejua. Na yule mutoto akamuachia palepale, kutoka kifua mpaka chini ya kanzu.

Nadia, ilikuwa nzito. Ya njano, imeshikana, ya kusimama. Wale watu watatu walitafuta mahali pa kuangalia. Mimi niliangalia kanzu tu, nililia, nilisema Alhamdulillah, na Tonton akafikiri ninamucheka. Akajiangalia muda murefu. Halafu akasema, "Basi leteni mbuzi." Kamba ameiacha, ninaanikia nguo juu yake.

Kitoko yuko. Mutoto yuko na siku makumi tano. Félicité anamuita Mufereji, lakini hiyo haiko jina. Jina utakuja kumupa wewe. Kuhusu baba yako, pale alipo kumeota majani, nayangoa kila Ijumaa asubuhi, na upande ya kulia nimeacha bila kungoa. Huo ni wako. Hakuna mutu aliyekuhesabia siku, mama. Umesikia.

Ngombe mweusi ana tumbo tena, na umeniambia kwa kinywa ya Mahmoudi kwamba Docteur anaomba mayi ingine ya kwetu. Bon. Chupa ndiyo hii, nimechota asubuhi hii, nyeusi, na funza wawili. Mahmoudi safari hii ataiweka mbele, nimemwambia akikataa nitapanda mimi niishike ku mapaja mpaka Kampala.

Chupa sikuiosha. Jina nimeandika na bic nyekundu, kubwa, ili askari wote wa barrière wasome: NADIA AMURI, KABONDO. Sikufuta.

Mama yako Khadija